Riwaya za kava gumu za miaka ya 70: uzoefu wangu

Wapenda riwaya mlioko Marekani, hizi za miaka ya 70 zenye kava gumu msizipite jamani. Zilichapwa nyingi mno, maktaba za huku zikiuza vitabu vikuukuu ndo zinajaa mezani, na siku ya mwisho kuna sehemu unaambiwa jaza mfuko ulipe hela kidogo uondoke, rafu yangu karibu yote imetokea huko.

Ila angalia unachonunua. Nyingi ni toleo la klabu ya vitabu, yaani zile walizokuwa wanatumiwa wanachama kwa posta, Book of the Month Club ilianza 1926 na miaka ya 70 bado ilikuwa na nguvu. Kuzijua si kazi: fungua mkunjo wa ile karatasi inayovalishwa juu ya kava, usipoona bei shtuka, halafu geuza nyuma, pitisha kidole chini karibu na mgongo, mara nyingi utakuta kialama kidogo kimebonyea. Karatasi zake nyembamba, kitabu chenyewe chepesi. Kwa kusoma haina shida hata kidogo, ila ukiuziwa kwa bei ya toleo la kwanza umepigwa. Kuna muuzaji wa mtandaoni aliandika toleo la kwanza, kikaja cha klabu, nikamtumia picha ya kile kialama, kimya mpaka leo.

Haya tuje kwenye utamu. The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth (1971) ndo mfalme wangu. Muuaji wa kukodiwa anatumwa kumuua De Gaulle, rais wa Ufaransa. Unajua kabisa De Gaulle hatauawa, mzee alijifia kwake 1970, lakini bado moyo unakudunda maana mwandishi anakuonyesha kazi hatua kwa hatua: muuaji anaenda makaburini anatafuta kaburi la mtoto ambaye angekuwa hai wangelingana umri, anaombea cheti cha kuzaliwa, cheti kinazaa pasipoti, na bunduki inavunjwa vipande inafichwa kwenye mabomba ya mkongojo. Nililala saa tisa usiku kwa ajili yake.

Jaws ya Peter Benchley (1974), kama umeona sinema tu utashangaa, papa halipuliwi, Hooper, yule mtaalamu wa papa, anatembea na mke wa Brody, mkuu wa polisi, meya naye kabanwa na mafia, na hakuna hata mmoja wa kumuonea huruma, mwisho nikawa upande wa papa. Hapa sinema imeshinda, samahani.

Centennial ya James Michener (1974) ina kurasa zaidi ya 900 na watu unawasubiri kweli kweli, kwanza miamba, halafu madinosaria, halafu farasi na nyati, aisee. Lakini ukivuka hapo Colorado yote inafunguka mbele yako, wawinda manyoya, wafuga ng'ombe, wakulima. Usiisome umelala chali, ikiponyoka ni pua.

Jonathan Livingston Seagull ya Richard Bach ndo sijaielewa mpaka leo, shakwe anajifunza kuruka vizuri basi, picha kibao maneno machache, na iliongoza kwa mauzo ya riwaya Marekani 1972 na 1973 yote!

Nyota zangu: Jackal 5, Centennial 4 kama una likizo, Jaws 3, shakwe 2. Sasa hivi natafuta The Thorn Birds ya 1977 ambayo karatasi yake ya juu haijachanika, hata ya klabu nachukua.