L.R. Baggs Para DI: priampu ya kutangulia pedali zote

Mpiga gitaa kavu (la akustika) akiingia dukani, macho humkimbilia kwenye pedali za rivabu (mwangwi) na korasi (inayonenepesha sauti). Hapo ndipo pesa hupotelea. Gitaa likifika kwenye spika na sauti ya bati, rivabu kazi yake itakuwa kulitandaza bati hilo ukumbi mzima. Priampu, kifaa kinachopokea na kurekebisha sauti ya gitaa kabla ya kwenda kwenye spika, itangulie. Na kwa gitaa lenye pikapu ya piezo isiyotumia betri, ule ukanda mwembamba unaolala chini ya mfupa unaobeba nyuzi, Para DI ya L.R. Baggs wa California bado ni chaguo letu la kwanza.

Sababu kubwa ni ukinzani wa soketi yake ya kuingizia: megaohmu 10. Piezo ina tabia ya kapasita ndogo: ikikutana na ukinzani mdogo, besi hukatika. Tuseme yako ina nanofaradi 1. Ichomeke kwenye kifaa cha megaohmu 1, kama zilivyo amplifaya nyingi za gitaa la umeme, na besi itaanza kukatika kwenye Hz 160. Nyuzi tatu nene zikipigwa wazi, yaani E (Hz 82), A (110) na D (147), zote ziko chini ya mpaka huo. Ichomeke moja kwa moja kwenye laini ya miksa yenye kiloohmu 10, utabaki na mikwaruzo ya juu tu. Kwenye megaohmu 10 mpaka unashuka hadi Hz 16, ambako sikio halifiki. Unene utakaousikia haujaongezwa na mtu. Ni wa gitaa lenyewe, safari hii umefika salama.

Umeme wake ni betri ya mraba ya volti 9, au volti 48 za fantomu kutoka kwenye miksa kupitia waya wa XLR, ule mafundi wanaouita kanoni. Tumia fantomu kila inapopatikana, ila shusha kwanza sauti ya chaneli ndipo uiwashe, la sivyo spika zitapiga kishindo. Betri huanza kuliwa mara tu plagi ya gitaa inapoingia, hata kama hupigi. Ikikaribia kuisha, mapigo ya nguvu ndiyo hukwaruza kwanza huku ya polepole yakisikika safi, na wengi hudhani waya ndio mbovu.

Kuiweka sawa huanzia kwenye geini, nobu ya nguvu ya sauti inayoingia. Piga nyuzi zote kwa nguvu utakayotumia jukwaani, pandisha hadi sauti ianze kupasuka, rudi nyuma kidogo, kisha usiiguse tena. Baada ya hapo nenda kwenye sauti za katikati, ambazo kitovu chake huhama kati ya Hz 400 na 1,600. Ule ukali wa plastiki wa piezo mara nyingi hujificha upande wa juu wa eneo hilo: punguza kidogo, zungusha taratibu, na sauti ikilainika simama. Ukipunguza sana, gitaa litasikika tamu peke yake na kumezwa mara kinanda kinapoingia.

Nochi, yaani nobu inayokata ukanda mwembamba tu wa sauti, ndiyo inayookoa usiku. Sanduku la gitaa kubwa lina mvumo wake wa hewa karibu na Hz 100, na ubao wa mbele una wake jirani na Hz 200, pale pale ulipo uzi wa G (196). Monita, spika inayomwelekea mpigaji, ikiwa karibu, moja ya hizo huanza kunguruma yenyewe. Pandisha sauti polepole hadi ngurumo ianze, sogeza nochi mpaka izame, ndipo upandishe tena. Kabla hata ya nochi, jaribu swichi ya faza, inayogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sauti: kwa umbali ule ule kutoka kwenye spika, upande mmoja wa swichi huvuma kuliko mwingine. Ukisogea hatua chache, jaribu upya.

Kasoro yake inaudhi kweli: haina swichi ya mguu. Huwezi kuzima sauti ili utyuni au ubadilishe gitaa. Ukichomoa plagi sauti ikiwa juu, ukumbi mzima unaruka. Weka tyuna ya pedali inayozima sauti, lakini iingize kwenye njia ya efekti (soketi ya kupitishia pedali) badala ya kati ya gitaa na priampu, maana pedali nyingi zina megaohmu 1 na zitaila besi uliyoigharamia. Njia hiyo ni soketi moja inayotaka waya wa Y. Sauti isipotoka, zibadilishe nafasi ncha mbili za Y. Tyuna kwanza, kisha korasi, rivabu mwisho. Anayetaka tyuna na swichi za mguu ndani ya boksi moja aangalie Venue DI ya kampuni hiyo hiyo, iliyo kubwa zaidi.

Gitaa lako likiwa tayari na priampu ya betri ubavuni, Para DI haitakupa mengi. Pedali ya Boss AD-2, yenye rivabu na nochi yake, itakufaa zaidi, ingawa soketi ya kanoni haina.

Ukiinunua iliyotumika, fungua kikasha cha betri utazame ukungu wa kijani kwenye vishikizo. Zungusha kila nobu huku gitaa likilia, usikilize mikwaruzo. Mwisho toa betri kabisa, uiwashe kwa fantomu pekee.