TAHADHARI: Fundi wa laptopu wa "bodi imeungua" hapa Lamu

Ndugu zangu wa Lamu, kama laptopu yenu inachemka na kujizima, someni hii kabla hamjaiacha kwa fundi. Mimi nimeshaliwa 6,500.

Yangu ilianza msimu huu wa kaskazi. Nikiiwasha, robo saa haipiti feni inanguruma kama injini ya boti, halafu kioo giza. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi. Hakuifungua. Aliweka kiganja chini yake, akatikisa kichwa, akasema bodi (ile sahani kuu ya saketi) imeungua, lazima ipelekwe Mombasa. Nikamtumia 4,000 kwa M-Pesa, iliyobaki nilipe nikija kuichukua.

Siku ya sita nikarudishiwa, imepoa kama maji ya mtungi. Nikalipa 2,500 zilizobaki na nikamshukuru pia! Nilipofika nyumbani nikaona ajabu: nikifungua faili moja ya Excel, namaliza kikombe cha kahawa haijafunguka.

Mpwa wangu alipokuja likizo akaikalia. Akaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, akakuta kile kipimo cha juu cha nguvu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), ambacho kawaida huwa asilimia 100, kimeshushwa hadi 50. Prosesa ikifanya nusu ya kazi, joto litatoka wapi? Ni sawa na kumfunga punda miguu ukasema umemponya uchovu.

Kisha akabonyeza Ctrl+Shift+Esc, akatazama RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nilinunua mashine ikiwa na GB 8. Sasa ni 4. Akaigeuza: skrubu ya kile kifuniko kidogo cha RAM imechubuka, zile nyingine hazijaguswa, bado zina rangi ya kiwandani. Yaani upande wa feni hakuna mkono uliofika. Bodi yangu haikwenda Mombasa, hata Mokowe, hapo ng'ambo tu ya maji, haikuvuka.

Tukaifungua wenyewe. Baina ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na blanketi la vumbi, mchanga na manyoya ya paka (nina paka watatu, nakiri), limegandamana kwa unyevu wa bahari hata likatoka kipande kizima kwa kibanio. Hewa ipite wapi? Pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta mkongwe. Akafuta, akatia tone la pesti mpya, akairudisha asilimia 100. Kabla ya hapo tulijaribu kuiachilia nguvu zote, ikagonga nyuzi 97 mara moja. Sasa hata nikitazama video haipiti 75.

Bodi huungua kweli, sikatai. Lakini mashine ikiwaka vizuri ingali baridi, kisha ikajizima ikipata moto, vumbi ndilo la kutazamwa kwanza. Mwambie fundi aifungue mbele yako, kazi yenyewe ni ya saa moja hivi. Kabla hujaiacha popote, piga picha ukurasa unaoonyesha RAM na diski, na namba ya betri kama inatoka nje.

Nimempigia simu mara tatu kuulizia RAM yangu. Inaita, haipokewi. Jana nimepita kwake, mezani pana laptopu nyingine mbili zinangoja "kwenda Mombasa".