Maboya ya Hydrelio: Tathmini ya Mfumo wa Kubeba Sola Juu ya Maji

Mtu anayenunua sola ya kuelea hununua kwanza maboya, kamba na nanga, kwa kuwa paneli zenyewe ni zilezile zinazofungwa juu ya mapaa ya Arusha na Eldoret. Kwa sababu hiyo tathmini hii inahusu kinachozibeba: maboya ya Hydrelio ya kampuni ya Kifaransa ya Ciel & Terre, ambayo imejikita katika sola ya juu ya maji tangu mwaka 2011 na ambayo maboya yake yamekwisha kupita katika majaribu makubwa, mema na mabaya.

Boya kuu ni tangi tupu la plastiki ngumu, na mgongo wake umeinamishwa nyuzi 12 ili paneli moja ilale juu yake. Boya la pili, dogo na bapa, huunganisha maboya makuu na pia huwa njia ya fundi anayekwenda kukagua nyaya au kufuta kinyesi cha ndege. Safu huunganishwa ukingoni mwa bwawa, kisha husukumwa majini moja baada ya nyingine. Napenda usahili huu, maana boya lililopasuka hubadilishwa bila kuvunja jukwaa zima. Mwinamo huo wa nyuzi 12 unatufaa sisi kuliko Wazungu walioubuni: jua la Uingereza hukaa chini angani na lingetaka paneli iliyoinuka zaidi, ilhali karibu na ikweta mwinamo mdogo unatosha kabisa, na mvua bado inapata mteremko wa kuosha vumbi.

Mfano bora wa matumizi yake ni bwawa la Queen Elizabeth II, karibu na London, ambako mwaka 2016 ziliwekwa paneli zipatazo 23,000 zenye uwezo wa megawati 6.3, juu ya maboya zaidi ya 61,000 yaliyoshikwa na nanga 177. Jukwaa hilo lilifunika takriban sehemu moja tu ya kumi ya bwawa, na umeme wake ulikusudiwa kusaidia mitambo ya kusafisha maji ya kunywa. Hapo ndipo bidhaa hii inapojilipa: mwenye maji ndiye mwenye mota, waya ni mfupi, na hakuna shamba lililotolewa kafara.

Kuhusu faida nyingine zinazotajwa na wauzaji, naomba mnunuzi awe mwangalifu. Ni kweli kwamba paneli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haijachemka, na maji husaidia kuipoza. Lakini katika Hydrelio boya lenyewe limekaa kati ya paneli na maji, hivyo ubaridi unaofika juu si ule wa paneli iliyo wazi chini. Vilevile kivuli huzuia maji kugeuka mvuke pale tu kinapoangukia. Anayefunika sehemu ya kumi ya bwawa asitarajie kuokoa maji ya bwawa zima.

Udhaifu wenyewe ulidhihirika Japani. Katika bwawa la Yamakura, mkoa wa Chiba, mtambo wa megawati 13.7 uliojengwa juu ya maboya haya ulianza kazi mwaka 2018 ukiwa na paneli zaidi ya 50,000. Septemba 2019 kimbunga Faxai kiliupiga, jukwaa likachanika, paneli zikarundikana zikiwa bado zinapokea jua, na moto ukawaka juu ya maji. Picha zake zilinisikitisha, lakini zinafundisha kuliko kijitabu chochote cha biashara. Upepo huinua kwanza ukingo wa jukwaa. Nanga moja ikiachia, mzigo wake huhamia kwa jirani yake, na jukwaa kubwa lililo kipande kimoja hutoa nafasi kubwa ya uharibifu kuendelea. Kwa hiyo mimi ningegawa jukwaa katika vipande vidogo, na ningepunguza paneli kabla ya kupunguza nanga hata moja.

Kwa wasomaji wa Naivasha, ambako sola ya kuelea imekwisha kufika katika shamba la maua, ningependekeza Hydrelio kwa bwawa la kumwagilia lililochimbwa na kuzungushiwa uzio. Ziwa lenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2020 maji yake yalipanda hadi yakaingia katika makazi ya watu, na kamba ya nanga iliyopimwa kwa kina cha zamani ingevuta maboya chini au kung'oka. Upepo husogeza visiwa vya gugu maji vyenye uzito wa kutisha, navyo vikiegemea jukwaa, kamba ndizo zitakazobeba. Tena kuna viboko, ambao hawamo katika mabwawa ya London wala Chiba, na sioni namna plastiki hii itakavyostahimili kiboko anayetaka kuibuka katikati ya safu mbili za maboya.

Mwenye paa pana au ardhi kame isiyolimwa hana haja ya bidhaa hii. Afunge paneli zake nchi kavu, ambako fundi hahitaji jaketi la kuokolea maisha ili kukaza skrubu. Mwenye bwawa na pampu ya dizeli ailete, ila kabla ya kulipa malipo ya awali adai mchoro wa nanga unaoonyesha kina cha maji wakati wa kiangazi na wakati wa masika, pamoja na kasi ya upepo iliyotumika katika hesabu.