MI 2 ya M.I Abaga: filamu ndefu, lakini usiiache katikati

Mimi ni shabiki wa M.I, rapa wa Nigeria, tangu Talk About It, ile albamu yake ya kwanza ya 2008 iliyotolewa na lebo ya Chocolate City. Jamaa mfupi, mweusi, sauti tulivu, anajitania kuhusu kimo chake kabla hujapata nafasi ya kumtania wewe, kisha anakupiga na mstari unaouelewa baada ya dakika mbili. Oktoba 2009 tuzo za MTV za Afrika zilipofanyika Nairobi, ya hip hop ilikwenda kwake, na sikuona wa kubisha. Kwa hiyo albamu yake ya pili, MI 2: The Movie, ilipotoka Novemba 2010, niliingia na njaa kubwa. Nimeirudia mara nyingi mno tangu hapo, na maoni yangu hayajatulia hata leo.

Nianze na kinachonikera. Wazo la kuifanya albamu nzima iwe filamu linavutia kwenye jalada kuliko masikioni. Nyimbo ni nyingi, wageni ni wengi, na katikati kuna sehemu unajiuliza mwongozaji kaenda wapi. Talk About It ilikuwa na mshikamano, na sehemu kubwa ya sifa hiyo nampa mdogo wake, Jesse Jagz, ambaye mkono wake ulisikika sana kwenye midundo. Humu midundo ni mikubwa zaidi, imejaa, inataka uwanja. Wakati mwingine inamfunika mwenye shughuli.

Halafu kuna zile nyimbo za kujitangaza mkubwa. Zimeandikwa vizuri, vina vinagongana kama inavyotakiwa, ila mtu aliyekwisha kushinda hana sababu ya kutukumbusha kila baada ya nyimbo mbili. Wimbo wa Beef nausamehe. Pale kuna watu waliomchokoza, naye anawajibu bila kupandisha sauti, kwa utulivu wa mtu anayemenya chungwa. Hakuna matusi ya kujaza nafasi. Ukiwa unaandika mashairi ya hip hop, sikiliza jinsi anavyopanga hoja zake.

Kwenye mapenzi kanishangaza. One Naira, aliyoimba na mwanamuziki Waje, ndiyo wimbo ninaowachezea watu wasiopenda rap. Mada yenyewe imechakaa: utanipenda hata mfukoni nikibaki na naira moja? Lakini Waje anaiimba kana kwamba swali limeulizwa kwa mara ya kwanza, na M.I ana akili ya kumwachia nafasi. Number One, aliyoimba na Flavour, ni ya harusi na baa, haina la ziada, wala haikuahidi la ziada. Kwenye Nobody yumo mwimbaji 2Face. Mwimbaji Brymo kwenye kiitikio cha Action Film anafanya kazi ambayo rapa peke yake asingeiweza.

Sasa Wild Wild West. Kwangu albamu yote iko hapa. M.I alikulia Jos, mtoto wa mchungaji, katika mji wa jimbo la Plateau ambako Wakristo na Waislamu wameuana kwa awamu: 2001, 2008, kisha Januari na Machi mwaka uleule wa 2010. Kwenye wimbo huu lile pambo la filamu linaanguka lenyewe. Jina ni la sinema za wachunga ng'ombe na bastola, lakini anachosimulia ni mtaa wa kwao, majirani waliocheza pamoja utotoni na sasa wanaogopana. Hahubiri wala hachagui upande. Anaomboleza tu, tena kwa mtiririko uleule anaotumia kwenye majigambo, na hapo ndipo ubora wake unapojionyesha. Mwezi mmoja baada ya albamu kutoka, mkesha wa Krismasi, mabomu yalilipuka Jos na kuua makumi ya watu. Tangu siku hiyo siwezi kuusikia wimbo huu kama burudani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema albamu ya pili ni kushuka. Ya kwanza ni safi zaidi, sawa. Lakini M.I wa ya kwanza alikuwa anatuonyesha anachokiweza. Wa pili, akichoka kujionyesha, anakuambia ametoka wapi. Bahati mbaya anachelewa kuchoka.

Nyota nne kati ya tano. Ukiwa na bando la kutosha, ipakue yote, kisha ujitengenezee orodha yako fupi: Action Film, Beef, One Naira, Nobody, Wild Wild West. Pijini, kile Kiingereza cha mtaani cha Nigeria, isikutishe, masikio huzoea haraka. Na usiwe na haraka ya kuimaliza, maana mwenyewe alituweka hadi 2014 ndipo akatoa albamu ya The Chairman.