Uzoefu wangu: meli ya usiku, Mwanza hadi Bukoba

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lililo kwenye barabara ya Mwanza kwenda Bukoba, lifunguliwe Juni 2025, watu wananishangaa ninapokata tiketi ya meli kwenda Bukoba. Basi halipangi tena foleni ya kivuko. Zile kilomita 3 za maji linazimaliza kwa dakika chache. Ni kweli. Lakini huo muda wa katikati, ambao wenzangu wanataka uishe upesi, ndio ninaoulipia mimi.

Safari yangu ya mwisho na MV Victoria tuliondoka Bandari ya Mwanza Kaskazini saa 3 usiku. Nilifika saa 11 jioni, kwa makusudi. Mchukuzi mmoja pale nje alinitajia bei ya begi, tulipoingia ndani akadai mara mbili. Patana naye mbele ya watu. Hilo tu ndilo lililoniudhi.

Baada ya hapo nikakaa. Nyumbani nimeshaaga, na niendako hawajaanza kunitazamia. Uwanja wa ndege kule Ilemela nao una raha hiyo, ila ukianza tu kuionja, unaitwa ukapande. Bandarini inakaa. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, nikanywa viwili kwa kashata. Karibu yangu palikuwa na magodoro yaliyoviringishwa, madumu, na tenga la vifaranga waliokuwa wakilia bila kukoma. Mama mwenye tenga akavua kanga yake ya juu, akalifunika. Kimya.

"Wanajua usiku umeingia, mwanangu," akasema.

"Shikamoo mama," nikamwambia, maana nilikuwa hata sijamsalimu. Tangu hapo tukaongea kama watu wa nyumba moja. Kwenye basi nisingelijua jina la kijiji chake. Aliniambia alikaa miaka mingi bila kupanda meli, baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea. Sasa anapanda, ila halali mapema.

Nilichukua daraja la pili, la kitanda. Victoria iko ziwani tangu miaka ya 1960 na ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Chumba kilikuwa safi, jaketi la kujiokolea lipo. Beba sweta, upepo wa juu ni mkali hasa.

Honi ilipolia tulikuwa wote wawili kwenye reli. Taa za mlima wa Bugando zikawa kama makaa, kisha zikawa chache, simu nazo zikapoteza mtandao. Mama hakusema neno mpaka ile ya mwisho ilipozama.

"Haya mwanangu, tumepita. Sasa nikalale."

Akainua tenga lake taratibu, asiwaamshe. Mimi nilibaki pale juu hadi saa 8.