Eti nani anasikia besi? Uzoefu wangu na fundi wa magitaa Kariakoo

Nimeikalia hasira hii tangu kabla ya masika nikidhani itapoa yenyewe. Haijapoa. Kwa hiyo naandika, ili mwenye gitaa la besi anayetafuta fundi pale Kariakoo ajue yaliyonikuta. Jina la fundi silitaji. Nina sababu, nitaisema mbele huko.

Gitaa lenyewe ni la marehemu baba. Alilipiga kwenye bendi ya dansi miaka ile, na alipoacha muziki akaliweka juu ya kabati mpaka mimi nilipoanza kumsumbua anifundishe, nikiwa kidato cha pili. Ni la umbo la Precision, ule mtindo wa besi wa Fender, nyuzi nne, na rangi imechubuka pale mkono wake wa kulia ulipokuwa ukiegemea. Kile kipande cheupe mahali shingo inapokutana na kichwa, chenye mifereji minne ya kushika nyuzi, alikichonga mwenyewe kwa mfupa wa ng'ombe baada ya kile cha plastiki kupasuka wakiwa safarini. Nyumbani tunakiita mfupa tu. Kila nilipobadilisha nyuzi, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mfupa umeuangalia?"

Tatizo langu lilikuwa umeme, si mfupa. Pikapu ya Precision, yaani kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, tangu 1957 imegawanywa vipande viwili, kimoja kinachukua nyuzi mbili nene na kingine mbili nyembamba, na vimesukwa kwa kupingana ili mngurumo wa umeme ujifute wenyewe. Gitaa la namna hiyo likinguruma, kuna kitu ndani kimeharibika. La kwangu lilinguruma mpaka mchungaji akawa anageuka kuniangalia katikati ya maombi. Nikigusa nyuzi linanyamaza, nikiachia linaanza tena. Binamu yangu akanitafutia pikapu mpya Dubai, pamoja na poti, vile vidhibiti vya sauti, za kilo-ohm 250 na kapasita, nikavifunga kwenye kitambaa nikaenda navyo Kariakoo.

Fundi akapokea gitaa, akauliza: "Mwenyewe yuko wapi?" Nikasema mwenyewe ni mimi. Akachungulia nyuma yangu kama vile kuna mtu anafuata. Hilo nililiacha lipite, nimelizoea. Nikamweleza kazi, tena nikairudia: pikapu, poti, waya, jeki ya kuchomekea waya. Shingo usiguse. Nyuzi ni bapa, zile zenye uso laini, za zamani, zirudi hizohizo. Akaitikia, "Sawa dada'ngu, haina shida." Bei shilingi 60,000, nikalipa nusu.

Siku ya kuchukua, nililijaribu palepale kwenye amplifaya yake. Mngurumo hakuna. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi, kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, kimya. Nilifurahi mno, nikamalizia hela nikamwongezea na ya soda. Nje vipaza sauti vya wauza nguo vilikuwa vinapiga kelele kila upande, kwa hiyo kitu kingine sikukisikia.

Nikakisikia jioni, kwenye mazoezi ya kwaya. Uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ukipigwa wazi bila kubanwa unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Ni sauti ya chini kabisa ya gitaa hili, na ndiyo kwaya nzima inasimama juu yake. Badala ya kuvuma, ukatoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye karatasi. Nikabana freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza shingoni, safi. Ya pili, safi. Nikiachia uzi wazi, nzi. Mwenye besi anajua hiyo maana yake: si shingo. Nikafanya kama baba alivyonifundisha, bana uzi kwenye freti ya tatu halafu angalia juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki upenyo mdogo, kama unene wa karatasi. Nikamulika kwa tochi ya simu. Upenyo hakuna, uzi umelala juu ya freti. Na pembeni ya mfereji wa E palikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo.

Alikuwa ameupiga tupa mfupa wa baba.

Sikulala vizuri. Kesho yake nilikuwa dukani kabla hajafungua. Nikamwonyesha, nikamuuliza kwa upole kabisa, nani alimwambia aguse hapo. Akasema, "Nilikulegezea dada'ngu, nyuzi zilikuwa juu, vidole vya kike vingeumia." Nikamwambia unasikia sasa uzi unavyolia? Hapo ndipo akasema neno ambalo mpaka leo nikifua nguo nalisikia. Alikuwa anachomelea spika ya mtu mwingine, hata macho hakuinua: "Kwani nani anasikia besi? Watu wanasikia solo na mwimbaji. Hako kakelele watakasikia wapi?"

Fundi wa magitaa anasema hivyo!

Nenda kwenye dansi, wimbo ukiingia kwenye chemko, pale unapochangamka, mwambie mpiga besi aache kupiga. Solo iendelee, rithimu iendelee, ngoma ziendelee. Uone watu watakavyobaki wameduwaa katikati ya ukumbi, hawajui kimepungua nini ila miguu imekosa pa kukanyaga. James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi tu za Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, za miaka ya 1960 bila jina lake kuandikwa kwenye majalada, na bado watu dunia nzima wakasimama kucheza. Hawakumjua kwa jina, ila walimsikia. Baba alikuwa akisema mtu haisikii besi kwa masikio, anaisikia hapa, akijigusa chini ya mbavu. Na sisi kwenye kwaya, besi ikiyumba, akina mama wa sauti ya pili ndio wa kwanza kupotea. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Hela ya kurudishiwa sikuomba. Niliomba aseme samahani. Akasema atanichongea cha plastiki bure.

Sasa ile sababu. Nilipofika nyumbani nikafungua bamba la mbele, nikitafuta ubaya mwingine wa kumwandikia. Sikuupata. Ndani kote kumebandikwa karatasi ya shaba ya kuzuia mngurumo, kona zimekunjwa vizuri, kila kipande kimeunganishwa na chenzake. Waya za ethi zote zimekutana sehemu moja. Lehemu inang'aa, matone madogo, hakuna lililomwagika. Ule waya unaopita chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili, uliokuwa umechakaa muda mrefu, ameuweka mpya ingawa sikuwa nimemwambia. Nimepeleka vyombo kwa mafundi wengi jijini na sijaona kazi ya waya nzuri kama hii. Iliniumiza kuiona. Mtu mwenye mikono ya namna hii, anayejua hata kuondoa mngurumo wa besi ambayo kwa maneno yake mwenyewe hakuna anayeisikia, alishindwaje kuuacha mfupa?

Mfupa nimeutengeneza mwenyewe. Nilitafuta kipande cha mfupa mkavu buchani, nikakisaga kwa tupa ndogo ya baba, ule unga nikaujaza ndani ya mfereji, nikadondosha supa gluu tone moja. Inakauka papo hapo, inakuwa ngumu kama jiwe. Kisha nikachonga upya, kidogo kidogo, napiga tupa mara tatu, narudisha uzi, nasikiliza. Ilinichukua karibu Jumamosi nzima. Uzi wa E sasa unavuma. Ila mfereji ule una doa la rangi ya chai ambalo haukuwa nalo, na kila nikitazama juu nalikuta.

Kwa hiyo niseme nini kwa anayeuliza? Nilitaka kuandika msiende, basi. Lakini mpiga solo wetu ana gitaa linalonguruma kuliko langu lilivyokuwa, akaniuliza nani alinifanyia kazi, na nikashindwa kumdanganya. Nikampa namba. Kama gitaa lako shingo yake imefungwa kwa skrubu, kama hili langu lenye skrubu nne, ifungue, iache nyumbani, mpelekee kiwiliwili peke yake. Pikapu ataipima hata bila nyuzi, kwa kuigonga na bisibisi huku amplifaya imewashwa. Kama shingo haifunguki, kaa kwenye benchi mpaka amalize, usiende hata kununua maji.

Mimi mwenyewe simrudii. Jeki ikilegea nitajifunza kulehemu.