Barua za Jaji Iredell: juzuu mbili za bure na gharama ya kuzisoma nikiwa Dodoma

Juzuu hizi mbili zilichapishwa New York mwaka 1857 na 1858, na kwa kuwa haki ya kunakili ilikwisha zamani, picha za kurasa zake zote zinapatikana bila malipo katika maktaba za intaneti. Ndani yake zimo barua za James Iredell, mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alizoandika na alizoandikiwa na jamaa zake, mawakili na majaji wenzake, tangu akiwa kijana wa forodha hadi alipofariki mwaka 1799. Nimekaa nazo miezi minne. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, Mpwapwa na Kondoa, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nimezisoma kwa jicho la mtu aliyewahi kulala nyumba za wageni akiwa na majalada chini ya mto.

Kusoma zaidi ya kurasa 1,000 kwenye simu kulinishinda, nikaamua kuchapisha juzuu ya pili, yenye miaka ya ujaji, katika duka moja la steshenari hapa mjini kwa shilingi 100 kwa ukurasa, pamoja na spairo. Nilipofika nyumbani nikakuta barua ya mwaka 1791 inaanzia ukurasa mmoja na kuishia katikati ya habari za 1796. Niliporudi, kijana wa dukani aliniamkia vizuri, akafungua kitabu, akasema, "Lakini mama, kurasa si zote zimo?" Ni kweli zote zilikuwamo. Nilizipanga upya mwenyewe barazani, siku mbili, huku upepo wa Dodoma ukinisaidia kwa namna yake. Ushauri wangu ni kwamba anayetaka kuchapisha akague mpangilio kabla waya haujapita kwenye matundu.

Thamani ya barua hizi iko katika safari. Sheria ya mahakama ya mwaka 1789 iliwapa majaji sita wa Mahakama ya Juu kazi mbili: kuketi pamoja katika mji mkuu, na kisha kutawanyika mara mbili kwa mwaka kwenda kusikiliza kesi katika mahakama za mzunguko zilizogawanywa kanda tatu. Iredell, mwenyeji wa mji mdogo wa Edenton katika North Carolina, aliteuliwa na Rais George Washington mwezi Februari 1790 akiwa na umri wa miaka 38, na akaangukia kanda ya kusini, iliyokuwa ndefu kuliko zote na yenye barabara mbaya kuliko zote. Mwezi Februari 1791 aliwaandikia majaji wenzake akiwaeleza kwamba katika mzunguko uliopita alisafiri maili 1,900, na kwamba hakuna jaji anayeweza kuubeba mzunguko huo daima na bado akatimiza wajibu wake mwingine kwa dhamiri safi. Maili hizo ni kama kilomita 3,000, yaani zaidi ya kwenda Dar es Salaam kutoka hapa na kurudi mara tatu, kwa farasi na gari la farasi, katika nchi ya mito isiyo na madaraja na homa za mabondeni. Majaji wetu wa Mahakama ya Rufani nao huzunguka mikoani kwa vikao, lakini hakuna anayevuka mto akiwa ameshika mkia wa farasi.

Kilichonishika si malalamiko yenyewe bali jinsi jambo lilelile linavyobadilika sura kulingana na mpokeaji. Kwa majaji wenzake Iredell ni mtu wa hoja: anahesabu maili, anapima muda, anapendekeza majaji wapokezane kanda. Kwa shemeji yake Samuel Johnston, ambaye wakati huo alikuwa seneta, ni mwanasiasa anayejua mlango wa kubisha, na kweli mwezi Aprili 1792 Kongresi ilipitisha sheria kwamba jaji asirudishwe katika kanda ileile bila ridhaa yake kabla majaji wengine wote hawajaizunguka. Lakini kwa mkewe Hannah, dada yake huyo Johnston, ni mume aliye mbali ambaye posta imempita. Anataka kujua afya yake, anauliza watoto, anakokotoa barua ipi ingemkuta katika mji upi. Mwaka uleule na mwandiko uleule, lakini mwenye kalamu si mtu mmoja. Nilipomaliza kuzisoma kwa mpangilio huo nilielewa kwa nini mihutasari ya sheria haiwezi kuchukua nafasi ya kitabu cha namna hii.

Barua za kisheria ni nzito zaidi, na sehemu nyingine nilizipita haraka bila aibu. Anayezifuata kwa ajili ya kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia ya mwaka 1793 atafaidi kumwona mtu aliyekuwa peke yake dhidi ya majaji wenzake wanne, akisema kwamba raia wa jimbo lingine hakuwa na njia ya kulishtaki jimbo katika mahakama ya shirikisho; miaka miwili baadaye Katiba ilirekebishwa kwa mwelekeo wa msimamo wake. Hata hivyo hoja za hukumu yenyewe husomwa vizuri zaidi katika ripoti za kesi. Barua zinampa msomaji kitu kingine, yaani mtu aliyetoka kusimama peke yake kisha akapanda farasi kwenda mzunguko unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mhariri ndiye kasoro kubwa ya juzuu hizi. Alikuwa amemwoa mjukuu wa jaji, na inaonekana. Kila baada ya barua chache anaingia kati kumsifu babu mkwe kwa aya ndefu, mpaka unatamani kumwomba akae chini amwache mzee aseme. Kuna pia ukimya ambao hauwezi kutupiwa yeye peke yake. Iredell alimiliki watumwa, na watu hao hawana barua hata moja humu. Waliosafiri naye na waliobaki kumtunza Hannah hawakuachiwa kalamu. Mimi nimetumia maisha yangu kuandika maelezo ya mashahidi wasiojua kusoma, na katika jalada hili niliona wazi kiti cha shahidi kilichoachwa tupu.

Karibu na mwisho kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mwezi Agosti 1798, James Wilson, jaji mwenzake wa Mahakama ya Juu na mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru, alifia Edenton, alikokuwa amejificha akikimbia wadai baada ya biashara yake ya ardhi kuporomoka. Mmoja wa walioandika Katiba anakufa katika nyumba ya wageni ya mji mdogo, ambao ni mji wa mwenzake wa benchi. Iredell mwenyewe alifuata mwaka mmoja na miezi michache baadaye, akiwa na miaka 48.

Wanafunzi wa sheria na mahakimu vijana waanze na juzuu ya pili, mwaka 1790, wakiruka sifa za mhariri. Kiingereza chake ni cha karne ya 18, sentensi zake ni ndefu, lakini mtu aliyezoea hukumu za mahakama zetu hatapata shida. Juzuu ya kwanza ina uzuri wake pia, hasa pale kijana mwenye miaka 19 anapomwandikia baba yake Uingereza mwaka 1771 akiomba atafutiwe vitabu vya Blackstone kuhusu sheria za Uingereza, kwa sababu anavyosomea ni vya kuazima kwa Johnston. Hiyo bado sijaichapisha. Naisoma kwenye simu usiku, nikiwa nimepunguza mwanga.